SOMO LA KAZI YA MIKONO: KUTENGENEZA NDANI YA MOTOKARI YA ZAMANI



Katika gazeti letu tumezoea kusoma masomo ya hesabu, ya historia na ya afya. Mara hii sisi wa mwaka wa mwisho tunawaletea somo la kazi ya mikono: ginsi ya kutengeneza nyumbani vitu vya ndani ya motokari vilivyochakaa. Tunachukua mfano mmoja tu, Volkswagen ile inayoitwa Coccinelle. Wengi wanaijua kwa umbo lake la mgongo wa kobe, tena kufungua vitu vyake vya ndani si kazi ngumu. Ujerumani waliacha kutengeneza ile ya kawaida mwaka 1978, na kiwanda cha Puebla katika inchi ya Mexico kilitoa ya mwisho kabisa mwaka 2003. Jumla yake inapita 21 000 000. Maana yake hata ile changa kuliko zote imekwisha kupita miaka 20.

Motokari ya umri kama huo, mwenyewe anaangalia sana motere. Motere ikikohoa, anaita fundi siku ile ile. Lakini kiti kikipasuka, anaweka mto juu yake na safari inaendelea. Mlango ukikataa kufunguka kwa ndani, anafungua kioo na kutoa mkono inje. Sakafu ikitoboka, anaweka karato. Watu wanacheka, wanazoea. Ni mazoea hayo tunayotaka kuyapinga katika somo hili, sababu ndani ya motokari ndimo watu wanamokaa.

KANUNI YA KAZI

Mtu akitaka kutengeneza ndani ya motokari, mara nyingi anaanza na kushona viti vipya, sababu vinaonekana. Hiyo ni kuanza na mwisho. Sisi tunashika kanuni hii ya hatua tatu:

1. Kwanza tengeneza kile kinachoshika mtu.
2. Kisha tengeneza kile kinachokinga mtu.
3. Mwisho tengeneza kile kinachopendeza macho.

Kama franga zinakwisha katikati ya kazi, afazali ziishe wakati viti vingali vibaya kwa macho lakini vinashika sawasawa. Kiti chenye skai mpya juu ya reli iliyovunjika ni kaburi lililopakwa chokaa.

VYOMBO

Hatuhitaji vyombo vingi. Turnevisi mbili, moja bapa na moja ya msalaba. Pensi. Funguo ya kulegeza vichwa vya batri. Makasi makali, wembe, sindano ya gunia na uzi wa nailoni. Brosi ya waya, petroli ya taa na grisi kidogo. Kole ile ambayo mafundi wa viatu wanatumia. Magunia mawili safi, sponji ya matela, na mpira wa ndani wa gurudumu (shambrea) usiofaa tena barabarani. Skai tutainunua mwisho, baada ya kupima. Tena tafuteni mikebe mitano au sita. Kila mahali unapofungua vifungo, utavitia katika mkebe wake na kuandika juu yake: "mlango wa kushoto", "kiti cha mbele", na kadhalika. Mtu asiyefanya hivi, jioni anabaki na vifungo vinne mkononi, na hajui vimetoka wapi.

HATUA YA KWANZA: KILE KINACHOSHIKA MTU

Reli za viti vya mbele. Kiti cha shofere kinatembea mbele na nyuma juu ya reli mbili, na kuna mkono mdogo wa chuma unaokifunga. Meno ya kufuli hiyo yakilika, au reli ikijaa udongo, kufuli haiingii sawasawa. Barabarani sawa sawa huoni kitu. Lakini fikirini mlima wetu mmoja wakati wa mvua: motokari inapanda, uzito wote wa shofere unasukuma nyuma, kufuli inaruka, kiti kinateleza. Mikono inavuta usukani, mguu haufiki tena kwenye freni. Nyuma yake kuna motokari ingine au kuna bonde.

Namna ya kujaribu: motokari isimame, keti, funga kiti, kisha sukuma kwa nguvu kwa miguu yote miwili, mara tatu. Kiti kikiteleza hata mara moja, hakifai. Tunakitoa kwa kukisukuma mbele mpaka mwisho wa reli. Kuna kizuizi kidogo cha kubonyeza ndipo kitoke. Tunasugua reli kwa brosi ya waya, tunasafisha kwa petroli ya taa, tunapaka grisi kidogo tu, sababu grisi nyingi inakamata mchanga. Tunaangalia resori ya ule mkono wa kufunga. Imechoka au imevunjika? Tunabadilisha. Kama meno yenyewe yamelika, tunatafuta reli ingine katika motokari iliyokufa. Kufunga kiti kwa waya haiko dawa.

Mikanda ya usalama. Kama motokari iko nayo, iangalieni kwa urefu wote. Mkanda uliotoka nyuzi, uliokatika pembeni, ama uliokauka kwa jua, unatupwa. Hapa wengine watauliza: si tunajua kushona? Ngojeni tufanye hesabu ya fizika. Mtu wa kilo 60 yuko katika mwendo wa kilometa 50 kwa saa, ndiyo kusema metri 13,9 kwa segonde. Motokari inapiga mti, na mtu anasimamishwa katika nafasi ya nusu metri. Kwa kanuni ya nguvu tunapata karibu newton 11 600, sawa na uzito wa kilo 1 180 kuvuta mkanda ule. Uzi wetu wa viti hauwezi. Mkanda unabadilishwa mzima, haushonwi nyumbani.

Milango. Coccinelle iko na milango miwili tu. Wale wanaokaa nyuma hawana mlango wao. Wanatoka tu kama wale wa mbele wametoka kwanza na kiti kimelala mbele. Kwa hiyo kila mlango sharti ufunguke kwa ndani, kwa mkono mmoja, bila kupiga teke. Tena mgongo wa kiti cha mbele sharti ulale bila kukwama. Liwekeni jambo hili katika kichwa, maana tutalirudilia sasa hivi.

HATUA YA PILI: KILE KINACHOKINGA MTU

Batri chini ya kiti cha nyuma. Hapa ndipo fundamento ya somo letu. Katika Coccinelle batri haiko mbele wala karibu na motere. Iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kuume. Na kiti chenyewe kimejengwa kwa resori za chuma. Kiti kikiwa kizima, resori zinabaki juu. Vikipita miaka mingi, resori zinalegea na zingine zinakatika, nyuzi zilizojazwa juu yake zinakuwa unga. Watu wawili wazito wanaketi nyuma, motokari inaingia katika shimo, resori inashuka na kugusa ncha ya batri yenye alama ya kuongeza (+).

Nini kinatokea? Ncha ile ingine, ya kupunguza (–), imefungwa kwenye chuma cha motokari. Kiti kinagusa chuma hicho. Basi njia imefungwa: umeme unatoka (+), unapita katika resori, unarudi (–), bila taa wala motere ya kuuzuia. Kwa kuwa kizuizi ni kidogo sana, nguvu ya mkondo inakuwa kubwa sana. Mnajua kanuni ya Ohm: mkondo ni volti gawanya kwa kizuizi. Resori inakuwa nyekundu kama moto wa mhunzi kwa muda mfupi. Na juu yake kuna nini? Magunia, nyuzi za nazi zilizokauka, sponji. Na juu ya hivyo kuna nani? Watoto, wamama, wagonjwa, wale ambao hawana mlango wao. Hata motokari za zamani sana za volti 6 hazina usalama katika jambo hili.

Kwa hiyo, mtu akiuliza ni kazi gani moja ya kufanya leo jioni kabla ya zote, jibu ni hili: nyanyua kiti cha nyuma uangalie batri.

Tunafanya hivi. Zima motere na taa zote. Shika ukingo wa mbele wa kiti cha nyuma, unyanyue polepole, na usiache chuma chake kigonge batri. Weka kiti inje. Fungua kwanza kamba ya (–), kisha ya (+). Kwa nini kwa utaratibu huo? Ukianza na (+) na funguo yako ikagusa chuma cha motokari, umeunganisha ncha mbili kwa mkono wako mwenyewe, na cheche zitaruka. Ukianza na (–), funguo ikigusa chuma haina neno. Wakati wa kurudisha tunageuza: kwanza (+), mwisho (–).

Toa batri, uiweke inje mahali penye hewa. Asikaribie mtu mwenye sigara ao taa ya moto, sababu batri inayochajiwa inatoa gazi inayolipuka. Unga mweupe au wa kijani juu ya ncha, tunauosha kwa maji na bikarbonati mpaka mapovu yaishe, kisha maji safi. Maji ya batri yakigusa ngozi au macho, osha palepale kwa maji mengi. Ya macho yaende kwa muganga.

Mahali batri ilipokaa, chuma mara nyingi kimelika. Safisha, kausha, paka rangi ya kuzuia kutu. Kama kimetoboka, batri hairudi pale mpaka kitengenezwe. Wakati wa kuirudisha, ifunge kwa kifungo chake isitembee. Kisha iweke kifuniko chake kizima kisichopitisha umeme. Kama kifuniko kimepotea, kata kipande kinene cha mpira, kifunike ncha zote mbili na kuzidi pembeni, ukifunge kisihame, huku ukiacha hewa ipite pembeni. Kitambaa au karato havitoshi, sababu vinaloana na vinawaka.

Sakafu. Inua tapi zote. Utakuta udongo, maji, pengine majani. Kausha jua moja zima. Gonga sakafu kwa mpini wa turnevisi: chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinanyamaza au kinabonyea. Tundu la sakafu linaingiza maji na vumbi, na katika motokari mbovu linaingiza pia moshi wa motere. Katika moshi ule kuna monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu; inaleta kuumwa kichwa, usingizi, na mwisho kifo. Coccinelle tena iko na jambo lake: hewa ya kupasha moto ndani inapita kando ya bomba za moshi nyuma. Bomba zikitoboka, moshi unaweza kupita njia hiyo. Ukisikia harufu ya moshi ndani, fungua vioo, simama, utafute fundi.

Tundu kubwa la sakafu ni kazi ya fundi wa sudere. Si yetu. Lakini kabla hajawasha moto wake, kazi yetu ni kutoa batri, viti, tapi na sponji zote. Cheche moja katika gunia kavu inatosha.

Plastiki ya mlango. Ubao wa ndani wa mlango umeshikwa kwa vibanio vidogo pande zote. Kwanza toa mkono wa kushushia kioo na ule wa kufungulia, kisha ingiza turnevisi bapa karibu kabisa na kibanio na kukivuta kimoja kimoja. Ukivuta ubao katikati kwa haraka, utapasuka. Nyuma yake sharti kuwe plastiki. Wengi wanaitupa, wanafikiri ni karatasi ya kufungia mizigo. Kumbe mvua inayopita kandokando ya kioo inashuka ndani ya mlango, na plastiki ndiyo inayoizuia isiloweshe ubao. Weka nyingine ya mfuko mgumu, uibandike pande zote. Kisha zibua matundu madogo chini ya mlango, maji yapate kutoka. Ubao uliooza tunakata mpya wa tripleksi nyembamba, tukiufuata ule wa zamani.

HATUA YA TATU: KILE KINACHOPENDEZA MACHO

Sasa tunaweza kushona. Ngozi ya kiti imeshikwa chini kwa meno madogo ya chuma. Yanyooshe kwa pensi moja moja, bila kuyavunja, maana tutayatumia tena. Ngozi ikitoka, pasua mishono yake kwa wembe, tandaza vipande juu ya karatasi kubwa, ufanye patro. Andika namba juu ya kila kipande na mshale wa kuonyesha mbele. Ongeza sentimeta 1 pande zote kwa ajili ya mshono. Ni sasa tu unajua ni metri ngapi za skai za kununua, na muuzaji hatakudanganya.

Resori zilizolegea tunazifunga pamoja kwa waya mgumu, na ncha za waya tunazipinda chini ya fremu, mbali na sponji. Kwa kiti cha nyuma, angalieni sana: ncha yoyote isielekee upande wa batri. Resori zilizokatika nyingi tunazisaidia kwa mikanda ya shambrea. Kata mikanda ya upana wa sentimeta 5, ivute kwa nguvu kutoka upande mmoja wa fremu mpaka mwingine, isuke kama mkeka. Inabeba vizuri na inarudi mahali pake.

Juu ya resori tandaza gunia maradufu, ulishone kwenye fremu. Bila gunia, resori zinakula sponji kwa miezi michache. Juu ya gunia weka sponji. Ikate kwa kisu kirefu na kupita umbo la kiti kidogo, kama sentimeta 1, ili ngozi iibane na isifanye makunyanzi. Kole inapakwa pande zote mbili. Ngoja mpaka isishike kidole, ndipo ugandamize. Fanyeni kazi hiyo inje, sababu harufu yake inalewesha, tena inawaka upesi.

Kushona skai, tumia mashini ya fundi wa nguo yenye sindano nene, au sindano ya mkono. Hatua ya mshono iwe kama milimeta 4. Mshono mdogo mdogo unaonekana hodari, lakini matundu yaliyokaribiana yanakata skai. Kabla ya kuvalisha, acha skai juani dakika chache ilainike. Anza katikati mbele, kisha katikati nyuma, kisha pande mbili, mwisho pembe. Geuza meno ya chuma yashike. Usivute pembe kwanza, utapinda kiti chote.

Kitambaa cha dari tunakiacha kwa fundi. Kimevutwa juu ya waya nyingi na kubandikwa chini ya mipira ya vioo. Ukishusha vibaya, hakirudi.

NENO LA MWISHO KWA WENZETU

Tunasikia wengine wanasema: "Mimi niko najifunza kwa kupata diplome ya Taifa. Kazi ya kushona viti haiko yangu." Tunawajibu kwa utulivu. Kanuni ya Ohm, mnaiandika kwenye karatasi ya mtihani na kupata pointi. Ni vema. Lakini kanuni ile ile inalala chini ya kiti cha nyuma cha Coccinelle, na pale haiulizi umefika darasa gani. Mtu aliyesoma anapaswa kuwa wa kwanza kuiona. Akiketi juu yake kila siku bila kunyanyua kiti, kusoma kwake kumemfaa nini?

Na kwa wale ambao wazazi au wajomba wao wako na motokari za aina ingine: msifikiri somo hili haliwahusu. Batri ya motokari yenu pengine iko mahali pengine. Lakini kila motokari iko na kile kinachoshika, kile kinachokinga na kile kinachopendeza. Utaratibu ni ule ule.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini tunafungua kamba ya (–) kwanza na kuirudisha mwisho?
2. Batri ya volti 12 inaunganishwa na resori. Kizuizi cha njia yote ni ohm 0,05. Tafuta nguvu ya mkondo. Linganisha na taa ya watt 60 ya volti 12.
3. Mtu wa kilo 75 katika mwendo wa kilometa 50 kwa saa anasimamishwa katika nafasi ya nusu metri. Tafuta nguvu inayovuta mkanda.
4. Baba mmoja iko na franga za kutosha kazi moja tu: skai mpya ya viti vyote, au reli nzima ya kiti cha shofere pamoja na kifuniko cha batri. Umshauri nini, na kwa maneno gani ya heshima?

Majibu yaandikwe na kupewa kwetu kabla ya gazeti lingine.

Kwa niaba ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho,
Mkubwa wa wanafunzi